Mjapani, Mrusi na Dakika Tatu za Uwanjani

Vijana wangu, kazi ya kutengeneza saa niliifanya hapa Lushoto miaka thelathini na minne. Nikiambiwa nichague siku mbili tu za kuzirudia, siombi za harusi yangu, mke wangu Hidaya anisamehe. Naomba Jumamosi ile na Jumapili yake. Hata sasa nikizieleza mikono inanitetemeka, na mikono kutetemeka ni kitu nilichokatazwa tangu siku ya kwanza ya kazi.

Basi sogeeni. Uwe unajifunza ufundi wa simu, wa pikipiki au wa kushona, hii inakuhusu.

Kibanda changu kilikuwa juu kidogo ya uwanja wa mpira: meza moja, kioo mbele, dirisha la kuingiza mwanga wa asubuhi, na ukutani misumari ya kutundikia saa za watu. Siku zile ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ndiyo imeingia. Nyinyi mliokuta maduka yamejaa hamwezi kujua ladha yake. Kabla ya hapo saa ya mkono uliirithi, au uliletewa na ndugu aliyesafiri mbali. Vipuri havikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kuua saa mbili ili moja iishi. Nimeshawahi kuchukua springi ya saa ya mzee aliyekwisha kufa nikaiendeshea saa ya mwanawe, na mwana akalia palepale kibandani.

Halafu, ndani ya msimu mmoja tu wa mahindi, vitu vikamwagika! Vitenge, baiskeli, sabuni za kunukia, redio kaseti kubwa kama masanduku. Na saa! Zilikuja za betri, za plastiki, zikilia kama vifaranga, watoto wakizivaa mbili mbili. Zile sikuzijali. Zilizoninyima usingizi ni saa za ufundi wa kweli, za magurudumu na springi, zisizo za matajiri wala za kutupa. Saa ambayo mwalimu, nesi au mkulima wa kabichi aliyepata msimu mzuri angeweza kuinunua na kuivaa mpaka azeeke. Nilikuwa naondoka nyumbani kabla Hidaya hajachemsha chai.

Duka la jirani yangu lilileta mbili za namna hiyo, bei zake zikikaribiana kabisa. Moja ilikuwa ya Kijapani, otomatiki, inayojitia ufunguo yenyewe mkono wako unapotembea. Nyingine ilikuwa ya Kirusi, ya kutia ufunguo kwa kidole gumba kila asubuhi. Mtaani tukaziita Mjapani na Mrusi, na mji mzima ukagawanyika.

Aliyeleta hoja kibandani kwangu ni Mwalimu Elineema, mwalimu wa hesabu, Mlutheri mwenye msimamo, na mwamuzi wa mpira wa miguu. Saa yake ya zamani ilikuwa imekufa katikati ya mchezo mwezi uliopita. Hakujua. Alichezesha kipindi cha pili mpaka wachezaji wakaanza kukaa chini, na alipopuliza filimbi ndipo alipofukuzwa mpaka kwenye migomba ya watu. Tangu hapo aliapa hataongeza sekunde wala hatapunguza sekunde: dakika arobaini na tano ni arobaini na tano.

"Fundi," akaniambia, "Jumamosi ya wiki ijayo ni fainali. Vuga na Mponde. Wanagombea dume la ng'ombe. Nataka saa ambayo nikiapa kwayo siaibiki. Nichukue ipi?"

"Nipe wiki moja," nikamwambia.

Mwenye duka akanikopesha zote mbili kwa jina langu tu. Nilizibeba kama mayai.

Sasa sikilizeni jinsi saa inavyopimwa, maana wengi hudhani ni kuitazama tu. Saa haina mwendo mmoja. Ikilala chali ina mwendo wake, ikisimama kwa ubavu ina mwingine, kichwa chake cha kutilia ufunguo kikitazama chini ina mwingine tena. Kwa hiyo unaipima kwa kila mlalo, siku nzima kila mmoja, unaandika kwenye daftari. Kisha unapima baridi na joto. Mimi nilizipeleka Rangwi kwenye ukungu wa asubuhi, nikashuka nazo Mombo kwenye joto linalokausha mate, siku moja, kwenda na kurudi. Abiria wenzangu waliniona ninavyotazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha naandika, wakaanza kusogea pembeni.

Kisha unapima maji. Huku kwetu saa inazama bila kuona mto, ukungu unatosha. Ipashe joto kifuani mwako robo saa, halafu dondoshea kioo tone moja la maji baridi. Kioo kikifanya mvuke kwa ndani na mvuke ukakataa kuondoka, kuna mlango mahali. Wote wawili, Mjapani na Mrusi, walipita.

Baada ya wiki, Mjapani alikuwa anakwenda mbele sekunde tisa kwa siku, leo kumi, kesho nane. Mrusi alikuwa anarudi nyuma sekunde ishirini, lakini ishirini hizo hazikubadilika hata moja, alale chali, asimame, apande Rangwi, ashuke Mombo. Mjapani ana siku na tarehe dirishani, na mlio wake ni wa haraka, laini, kama mvua juu ya majani. Mrusi ni mwembamba, hana tarehe, mlio wake mzito, unausikia ukiwa umeiweka mezani. Mjapani ni mzito mkononi na ukilima naye jembe linamtikisa mpaka moyo unahama. Mrusi naye mtu mwenye pupa anamvunja springi kwa kumtia ufunguo kupita kiasi. Kidole lazima kijifunze kusimama pale kinapohisi ugumu. Springi ya kwanza kuvunja maishani mwangu niliivunja hivyohivyo, na mlio wake, tak!, ninausikia mpaka leo.

Na huyo otomatiki ana kichekesho chake. Mzee mmoja wa Rangwi aliniletea wa kwake akilalamika kwamba saa inafanya kazi Jumapili tu. Jumatatu mchana inafifia, Jumanne imekufa, Jumapili inafufuka. "Fundi," akasema, "saa yangu ina dini kunishinda mimi." Nikamuuliza anaivaa lini. Akasema, "Kwenda kanisani, si ndiyo nguo zake?" Wiki nzima ilikuwa kabatini! Otomatiki usipotembea naye hali chakula. Nilimrudishia bila kuifungua, akaniona mchawi.

Mimi nilimchagua Mjapani. Mwamuzi anakimbia, mkono unacheza, saa inajijaza yenyewe. Nani anataka kukumbuka ufunguo siku ya fainali?

Lakini kulikuwa na Mzee Shemweta.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alijifunza ufundi Tanga ujana wake, akarudi milimani na bisibisi saba na heshima yake. Alikuwa amekwisha kustaafu, lakini kila siku alikuja kibandani kukaa kwenye kigoda na kuona nakosea wapi. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga chafya nikapoteza jiwe la saa, kile kito kinachobeba ncha ya gurudumu, dogo kuliko chembe ya chumvi. Hakunigombeza. Aliilaza tochi sakafuni, ubavu kwa ubavu na vumbi, ili kila kilicholala pale kitupe kivuli kirefu. Tukapata vijiwe viwili vya watu wengine waliopotelewa kabla yangu. La kwangu lilikutwa na Hidaya usiku wa tatu, ndani ya mkunjo wa shati langu, alipolikung'uta kabla ya kulifua. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilipomwambia nimemchagua Mjapani, hakucheka.

"Sefu, saa inayongoja mtu atembee ndiyo iwe hai, unaiamini vipi?"

"Mzee, sekunde tisa kwa ishirini. Hesabu ni hizo."

"Sijakuuliza inakosea kiasi gani. Nakuuliza kama inakosea vilevile kila siku. Mwenye kukosea vilevile unamjua. Mwingine huyo anakushtukiza."

Tulibishana siku mbili. Watu waliacha kununua nyanya wakaja kusikiliza. Mwisho kamati ya fainali ikapata njia: mwamuzi avae Mjapani, na Mzee Shemweta akae mezani uwanjani na Mrusi, awe mtunza muda. Nani atasema uongo kukiwa na saa mbili? Kila mtu akafurahi, na mimi nikafurahi kuliko wote.

Sasa lile kosa langu.

Ijumaa shemeji yangu aliniletea kutoka Tanga redio kaseti mpya. Spika mbili, kila moja kama sahani! Asubuhi ya fainali niliipeleka kibandani. Rafu yangu ilikuwa fupi, nikailaza redio chali mezani, spika zikitazama juu. Nilitaka kumsikilizisha Mjapani mlio wa redio wa saa kamili, ule wa kurekebishia saa, mara ya mwisho, nikamlaza juu ya spika, pale pale kwenye wavu wake, kama unavyoweka kikombe kwenye kisahani. Watu wakaanza kuingia kuiona redio. Muziki ukapigwa. Mwingine alitaka kusikia taarabu, mwingine dansi. Mjapani alilala pale juu ya muziki tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri, nami nikaona amepata mahali pazuri.

Saa kumi kamili kamati nzima ilikuwa kibandani. Mimi nilishika Mjapani, Mzee alishika Mrusi, tumezisimamisha zote mbili, tunangoja. Redio ikalia milio yake mifupi, na ule mrefu wa mwisho ulipopiga tukabonyeza pamoja. Mishale ya sekunde ikaondoka sambamba kama watu wawili wanaovuka barabara wameshikana mikono. Watu wakapiga makofi.

Mpira ulianza saa kumi na dakika tano. Vijana, ule ulikuwa mpira! Vuga walikuwa na nahodha wao Salehe, kijana mrefu mwenye mkimbio wa mtu anayeteremka mlima hata akiwa tambarare. Mponde walikuwa wachuma chai, mikono na miguu ya waya, hawachoki. Mponde walifunga mapema. Kipindi cha kwanza kilipoisha nilimwona Mzee Shemweta akimnong'oneza katibu wa kamati, katibu akitikisa kichwa. Baadaye ndipo nilipojua alisema, "Mwamuzi amewahi," na katibu akamjibu, "Mwamuzi ndiye mwamuzi, mzee."

Kipindi cha pili Vuga walishambulia kama wamefunguliwa zizini. Mwishoni kabisa Salehe akapokea mpira pembeni, akampita mmoja, akampita wa pili, akaingiza mguu. Mpira ukaondoka. Na filimbi ikalia. Mpira ukiwa hewani! Ukaingia wavuni, lakini mchezo ulikuwa umekwisha.

Kisha Mzee Shemweta akasimama mezani, Mrusi ameinuliwa juu.

"Bado! Bado dakika moja na nusu!"

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Vuga waliingia uwanjani, Mponde wakaingia, washika vibendera wakatupa vibendera. Mponde walipiga kelele kwamba mzee anaisemea saa yake. Vuga walisema mwamuzi amenunuliwa. Mwalimu Elineema alisimama katikati amenyoosha mkono wenye saa, analia kwa hasira, "Arobaini na tano! Nimehesabu arobaini na tano!" Nilikimbia mpaka kwake nikajitia katikati yake na ngumi. Ndipo Salehe, jasho likimtiririka, akanielekezea kidole.

"Wewe ndiye fundi. Wewe ndiye uliyemchagulia. Sema saa ipi inasema kweli."

Nikasema, "Twendeni kibandani. Redio italia saa kumi na mbili."

Tulipanda kilima kile kidogo watu mia na zaidi, Mwalimu katikati kama bwana harusi asiyetaka harusi. Wasioingia kibandani walijaa barabarani. Niliiwasha redio, nikaweka saa zote mbili mezani, chini ya macho ya Salehe na ya nahodha wa Mponde. Watu waliambiana "shhh" mpaka mji ukanyamaza. Nasema kweli, nilisikia kuku.

Milio ikaanza. Ule mrefu ukapiga.

Mrusi: saa kumi na mbili kamili, mshale umesimama wima.

Mjapani: saa kumi na mbili na dakika nne.

Kelele zikapasuka nje kabla hata hawajaambiwa. Dakika nne kwa saa mbili! Saa ambayo wiki nzima ilikosea sekunde tisa kwa siku! Saa nzuri haichanganyikiwi hivyo bila kuguswa. Nikaisogeza chini ya mwanga, na macho yangu yakaangukia pale ilipolala mchana kutwa, juu ya spika.

Mzee alikuwa amenipa zamani dira ndogo ya shaba kwa ajili ya jambo hili hili. Nikaitoa kwenye mtoto wa meza, nikaisogeza karibu na Mjapani. Sindano yake ikageuka, ikaikimbilia saa, ikatetemeka.

Sumaku. Nyuma ya kila spika kuna sumaku kubwa. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, iliyozungushwa duara juu ya duara, nayo ndiyo inayopima muda kwa kujikunja na kujikunjua. Ikiingiwa na sumaku, duara zake zinashikana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia kama mwehu. Jambo hilo nililijua! Niliwahi kuwaonya wateja juu yake! Lakini siku hiyo furaha ya redio mpya ilinipofusha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna mtu mwingine pale aliyeelewa dira ilisema nini. Ningeweza kutamka, "Saa za Kijapani ni mbovu," na umati ungeniamini, ungeshuka kilima, na mimi ningebaki fundi. Mwenye duka ndiye angelaumiwa. Niliinua macho nikamkuta Mzee Shemweta ananitazama. Yeye alielewa. Na alikuwa ameshinda ubishi wetu mbele ya mji mzima. Alichotakiwa ni kucheka tu. Hakucheka. Aliniachia niamue mwenyewe.

Nikapanda juu ya kigoda chake.

"Jamani, saa hii haina kosa, na Mwalimu hana kosa. Kosa ni langu. Nimeilaza mchana kutwa juu ya spika, imeingiwa na sumaku, imekimbia. Mwalimu amesoma alichokiona. Aliyewadhulumu Vuga ni mimi, Sefu, kwa uzembe."

Kuna mtu alinitukana kwa Kishambaa, tusi refu, la kiufundi. Nililipokea. Mwalimu Elineema alikaa chini kwenye kizingiti akafunika uso. Salehe akauliza, kwa ukali lakini kwa hesabu:

"Imekimbia dakika mbili kila saa. Kipindi cha pili tumeibiwa moja na nusu. Na kipindi cha kwanza je?"

"Moja na nusu pia," nikasema. Sikuwa na la kuficha tena. "Jumla mnadai dakika tatu."

Ndipo Mzee Shemweta akasogea mezani. "Nipisheni," akasema. Akavuta kutoka chini ya meza koili yake, waya wa shaba alioufunga mwenyewe kutoka mota iliyokufa, tuliyokuwa tukiitumia kuondoa sumaku kwenye bisibisi. Akaichomeka kwenye umeme. Ikanguruma kama nyuki. Akaingiza Mjapani katikati ya koili, kisha akamtoa taratibu, taratibu, akirudi nyuma mpaka mkono wake ukanyooka wote, na ndipo akazima. Mkilifanya jambo hili msiharakishe. Ukizima mapema unairudishia sumaku yake. Akaisogezea dira. Sindano haikutikisika. Akaniwekea saa sikioni.

Mvua juu ya majani!

"Nilimkosea huyu," Mzee akawaambia watu, akinyanyua Mjapani. "Nilisema anashtukiza. Kashtukizwa yeye. Kijana wangu amekosa mbele yenu na amekiri mbele yenu. Mimi nilipovunja saa ya bwana mmoja Tanga nilisema imeletwa imevunjika. Mpaka leo bado naiona saa ile."

Hakuwahi kuniambia hilo miaka yote.

Kamati ilikaa kidogo tu nje ya kibanda. Uamuzi: bao lililoingia baada ya filimbi halihesabiki, kwa kuwa filimbi ni filimbi. Lakini dakika tatu zitachezwa kesho, saa nane mchana, baada ya ibada. Nahodha wa Mponde alikubali kwa kupeana mkono na Salehe.

Vijana, mmeshawahi kuona watu wanatembea kutoka Vuga kwa miguu kutazama dakika tatu? Mponde walikuja wamejaa kwenye lori wakiimba. Waliokuwa kanisani walikuja na vitabu vyao vya nyimbo. Siku ya fainali uwanja ulijaa. Siku ya dakika tatu watu walikaa juu ya mapaa. Muuza karanga mmoja aliniambia hakuuza kitu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutazama chini.

Mwalimu Elineema alipita kibandani kwanza. Niliweka saa zote mbili mbele yake, nikamwambia achukue Mrusi, sitamlaumu.

Akavaa Mjapani.

"Huyu ugonjwa wake naujua sasa, na dawa yake nimeiona," akasema. "Na fundi wake nimemsikia akisema ukweli mbele ya ngumi. Ninunue nini zaidi?"

Nilikaa mezani na Mzee Shemweta, yeye na Mrusi wake, mimi mikono mitupu. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni, umeshafika kwenye goli la juu, na watu wakaanza kupiga kelele mwamuzi aanze kabla haujatufunika. Mwalimu akadondosha mpira katikati, filimbi ikalia.

Dakika ya kwanza Mponde walijaza watu kumi nyuma. Ya pili Vuga walipiga mara mbili, kipa akaokoa zote. Ya tatu sikuweza kukaa. Nilisimama juu ya benchi. Salehe alipokea mpira kutoka ndani ya ukungu, sijui nani alimpa, akageuka, akapiga kwa nguvu zake zote. Kipa hakuuona. Mpira ukagonga mwamba, mlio wake ukasikika mpaka sokoni, ukarudi uwanjani, Mponde mmoja akaupiga kichwa nje.

"Sasa," Mzee Shemweta akasema kwa sauti ndogo, kidole juu ya kioo cha Mrusi.

Na filimbi ya Mwalimu ikalia katika neno hilo hilo.

Nilimshika Mzee nikamwinua na kigoda chake. Alipiga kelele nimshushe. Mponde walimkimbilia dume wao. Nilidhani Vuga wangevunja kitu, nikajikaza, kwani yule anayevuka uwanja kuja mezani kwetu ni Salehe, na nyuma yake timu nzima.

Alisimama mbele yangu, akihema, tope mpaka shingoni. Akainama kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Jana tulinyang'anywa," akasema. "Leo tumefungwa."

Akanyoosha mkono, nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili.